Upasuaji wa kurefusha miguu: maswali ninayoulizwa hapa Mbeya

Kazi yangu ni fiziotherapia, yaani mazoezi ya viungo, na nimeifanya Mbeya kwa miaka kumi na sita. Wagonjwa wangu wengi ni watu wa ajali: bodaboda, malori ya barabara ya Tunduma, waliodondoka kutoka juu ya miparachichi msimu wa kuvuna. Lakini tangu nimhudumie kijana mmoja aliyerudi kutoka ng'ambo akiwa amerefushwa miguu yote miwili, habari zimetembea, na haipiti wiki sijaulizwa. Wengine wanauliza kwa ajili yao, wengine ni mama zao wanaouliza kwa sauti ya chini mlangoni. Nimeona niyajibu kwa maandishi. Mimi sipasui. Ninachokijua kwa mikono yangu ni yale yanayoanza mgonjwa akisharudi nyumbani, na huko ndiko ambako watu wengi hawajatupia macho wanapolipa pesa zao.

Dokta, kurefusha miguu ni kweli au ni picha za mitandaoni?

Ni kweli, na si jambo la jana. Mwaka 1905 daktari wa Bologna, Italia, Alessandro Codivilla, alishaandika juu ya kurefusha mfupa wa paja. Lakini aliyeipa njia hii miguu ya kusimama ni Gavriil Ilizarov, daktari wa mji wa Kurgan, Siberia, enzi za Umoja wa Kisovieti. Miaka ya 1950 alianza kuwafunga wagonjwa pete za chuma kuzunguka mguu, zilizoshikwa na nyaya nyembamba zinazopenya mfupa, na fito zenye nati kati ya pete na pete. Aliona kwamba mfupa ukikatwa kwa uangalifu kisha ukavutwa polepole, lile pengo linajijaza mfupa mpya.

Wagonjwa wangu wa bodaboda huwa nawasimulia habari za Valeriy Brumel, bingwa wa Olimpiki wa kuruka juu wa mwaka 1964. Mwaka 1965 alivunjika mguu vibaya kwenye ajali ya pikipiki, akapasuliwa mara nyingi bila nafuu, mpaka Ilizarov alipomtibu mwaka 1968. Aliruka tena. Njia hii ilizaliwa kwa ajili ya watu kama hao: waliovunjika, waliofupika mguu mmoja, waliozaliwa na miguu isiyolingana. Kuitumia kwa mtu mwenye miguu mizima anayetaka tu kuwa mrefu kulikuja baadaye.

Mfupa unarefukaje? Unavutwa kama mpira?

Mfupa hauvutiki. Unakatwa. Baada ya kukatwa unaachwa siku 5 hadi 7 hivi bila kuguswa, ili mwili uanze kazi yake ya kuunga. Kisha ncha mbili zinaachanishwa milimita 1 kwa siku, na hiyo milimita yenyewe haivutwi kwa mkupuo. Inagawanywa mara nne, robo milimita kila baada ya saa sita. Kwenye fito za Ilizarov mzunguko mmoja kamili wa nati ni milimita 1, kwa hiyo mgonjwa anashika spana, anazungusha robo, anapumzika, anasubiri zamu nyingine.

Ukivuta haraka mno, mfupa mpya hauwahi kujaza pengo na mishipa ya fahamu inaumia. Ukivuta polepole mno, mfupa unafunga kabla ya wakati na inabidi ukatwe tena. Ndiyo maana picha za eksirei hupigwa kila wiki moja au mbili kipindi chote cha kuvuta. Mwanzoni pengo linaonekana jeusi tupu, baadaye panakuja kitu kama ukungu wa asubuhi kwenye mlima Loleza, na ukungu huo unazidi kuwa mweupe mpaka kuta za mfupa zinaonekana.

Sasa sikiliza jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote katika ukurasa huu. Kilichokatwa ni mfupa peke yake. Misuli, kano, mishipa ya fahamu, mishipa ya damu na ngozi havikukatwa, vinaburutwa. Mfupa una hiari ya kukua, misuli haina. Kila robo milimita unayoizungusha unaidai misuli yako kitu ambacho haikujiandaa kukitoa, na anayelipa hilo deni ni wewe, kwa mazoezi ya kila siku, kwa miezi.

Nimesikia kuna vyuma vya nje na vya ndani. Tofauti ni nini?

Vya nje ni hivyo vya pete, ambavyo wengi hapa huviita antena. Vinaonekana, vinakwaruza shuka, vinaacha makovu, na kila tundu kwenye ngozi ni mlango wa wadudu. Njia ya pili ni ya mchanganyiko: nondo inapitishwa ndani ya mfupa na vyuma vya nje vinavuta juu yake. Urefu ukitimia nondo inafungwa kwa skrubu na vya nje vinaondolewa mapema. Ya tatu ni nondo ya ndani inayojirefusha yenyewe. Ile iitwayo PRECICE ina sumaku ndani, na mgonjwa anaweka mashine juu ya paja lake ikaizungusha kutoka nje. Hii ni ghali kupita zote, na aina nyingi hazikuruhusu kukanyaga kwa uzito wako wote mpaka mfupa ukomae.

Usidhani kwamba kilicho kipya hakina matatizo. Nondo iitwayo STRYDE, iliyotengenezwa ili mgonjwa aweze kukanyaga mapema, iliondolewa sokoni mwaka 2021 baada ya kuonekana kutu na mabadiliko kwenye mfupa uliokuwa karibu na maungio yake.

Ukiwa na nondo ya sumaku usiingie kwenye mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, bila kuwaambia wahudumu. Tembea na karatasi yake.

Nitaongezeka sentimita ngapi?

Kwa muundi, yaani mfupa wa kati ya goti na kifundo, madaktari waangalifu huishia kwenye 5 au 6. Kwa paja, hadi 8. Anayekuahidi 12 kwa mkupuo mmoja anakuuzia maumivu. Na ujue mikono na kiwiliwili vinabaki vilivyokuwa.

Itachukua muda gani?

Chukua mfano wa sentimita 6 za muundi. Wiki moja ya kusubiri. Milimita 60 kwa milimita 1 kila siku ni siku 60, yaani miezi miwili, ikiwa hakuna siku hata moja daktari aliyosema simama kwanza. Baada ya hapo mfupa mpya ni laini bado, unahitaji kukomaa, na huo muda kwa kawaida ni mara mbili ya ule wa kuvuta au zaidi. Daktari hutafuta kwenye picha angalau kuta tatu kati ya nne za mfupa zikiwa zimeungana ndipo aondoe vyuma. Kwa vyuma vya nje peke yake hesabu miezi sita hadi tisa navyo mguuni. Kutembea bila magongo na bila kuchechemea, karibu mwaka. Kukimbia au kucheza mpira, mwaka na kitu.

Watu wanaponiambia "nimeomba likizo ya mwezi mmoja" huwa nakaa kimya kidogo kabla ya kujibu.

Hakuna dawa au mazoezi ya kuongeza urefu badala ya kupasuliwa?

Kwa mtu mzima, hakuna. Sehemu za mfupa zinazokuza urefu hufunga mwishoni mwa kubalehe, na zikishafunga hakuna kidonge, chai wala kuning'inia kwenye bomba kutakakozifungua. Zile chupa zinazouzwa kwa simu, hifadhi pesa yako.

Kwa nini wengine wanarudi wakitembea kwa vidole?

Hili nitalijibu kwa urefu, maana ndilo lililonifanya niandike.

Aliletwa na mama yake kwa bajaji, asubuhi ya mwezi wa sita, baridi ile inayofanya watu washike vikombe vya chai kwa mikono miwili. Kijana wa miaka ishirini na saba. Alikuwa ameuza kiwanja chake Uyole akaenda Uturuki, akamwambia mama anafuata mzigo wa nguo. Miundi yote miwili, sentimita 6. Mpango wa hospitali aliyopasuliwa ulikuwa akae jirani yao kwa miezi mitatu, mazoezi kila siku. Wiki ya saba pesa ya chumba ikaisha. Akarudi nyumbani na spana yake mfukoni, akamalizia kuzungusha zile siku zilizobaki peke yake chumbani, bila picha, bila mtu wa kumnyoosha. Alipofika kwangu alishamaliza kuvuta. Mfupa ulikuwa unaendelea vizuri, kwa kweli ulikuwa mzuri. Lakini nilipomsimamisha kati ya vyuma viwili vya kujishikia, visigino vyote viwili vilikuwa hewani.

Sikuwa na kipimo changu karibu. Nikachukua kiberiti mezani nikakiingiza chini ya kisigino cha kulia. Kiliingia kikiwa kimesimama wima. Mama yake alipoona alijifunika uso na kitenge. Kijana akaniuliza, "Dada, itashuka?" Nikamwambia itashuka, ila tutaishusha sisi, yenyewe haitashuka.

Kilichotokea ni hiki. Misuli ya shavu la mguu na kano ya kisigino vilivutwa sentimita sita bila kunyooshwa, vikakaza, vikakivuta kisigino juu kama kamba ya upinde. Kinga yake ni kunyoosha tangu siku za mwanzo kabisa, mara kadhaa kwa siku, na kulala na kifaa kinachoshika unyayo usidondoke. Njia rahisi ya nyumbani: kaa mguu ukiwa umenyooka, pitisha kitenge kwenye unyayo karibu na vidole, vuta kuelekea kwako, hesabu hadi thelathini, legeza, rudia. Goti lisijikunje. Kama zoezi halikuumi hata kidogo, hujavuta. Kama linakutoa machozi, umezidisha.

Kwa waliorefushwa paja, tatizo linahamia gotini na nyongani. Goti linakataa kukunja, nyonga inakataa kunyooka. Hao nawalaza kifudifudi kwa muda kila siku na tunakunja goti taratibu. Goti likianza kukataa, daktari aliyekupasua lazima aambiwe siku hiyohiyo, kwa sababu dawa yake mara nyingi ni kupunguza kasi ya kuvuta au kusimama kabisa. Kuna watu wanaficha ili wasipoteze sentimita. Naomba sana, usifiche.

Mama anamwekea mto chini ya goti ili alale vizuri. Ni sawa?

Si sawa, mama yangu, na najua unafanya kwa huruma. Goti likilala limekunjwa usiku kucha, misuli ya nyuma inazoea ufupi huo, na asubuhi inayofuata tunaanza upya. Mto ukae chini ya kisigino, goti linyooke. Ataguna usiku wa kwanza.

Nitaweza kutumia choo cha kuchuchumaa?

Swali hili huulizwa kwa aibu, lakini ni la maana kuliko mengi. Hospitali za ng'ambo hazilifikirii kwa sababu vyoo vyao ni vya kukaa. Kuchuchumaa kunataka goti likunje lote na kisigino kifike chini, mambo mawili ambayo upasuaji huu huyaharibu. Kwa miezi mingi hutaweza, na wengine hawarudi kuweza kikamilifu.

Tengeneza kabla hujasafiri. Fundi seremala atakutengenezea kiti cha mbao chenye tundu cha kuweka juu ya shimo, chenye mikono ya kujishikia. Kipande cha bomba ukutani kisaidie kuinuka. Na angalia njia ya kutoka nyumbani hadi chooni: hapa kwetu masika uwanja ni tope tupu, na magongo kwenye tope ni hatari kuliko upasuaji wenyewe. Mwaga changarawe, au weka mbao zilizopigiliwa vipande vya raba.

Tumwite mzee wa kukanda? Au tumkande kwa maji ya moto?

Hapana kwa yote mawili mpaka mfupa ukomae. Nawaheshimu wazee wanaounga mifupa vijijini, wamesaidia watu huko ambako hospitali iko mbali. Lakini mfupa huu mpya ni laini, ukisukumwa unapinda. Tena mgonjwa akiwa na ganzi sehemu ya mguu, jambo la kawaida kipindi cha kuvuta, hasikii moto wa maji na ngozi inaungua bila yeye kujua. Na kama kuna damu iliyoganda ndani ya mshipa wa shavu la mguu, kuikanda kunaweza kuitoa hapo ikasafiri hadi mapafuni. Watu hufa kwa hilo.

Supu ya makongoro inaongeza mfupa?

Inywe, ni chakula. Peke yake haijengi mfupa. Mwili unajenga kwa protini, kalsiamu na vitamini D, na sisi watu wa nyanda za juu hatuna sababu ya kukosa: maziwa ya Rungwe, usipa wa Ziwa Nyasa wanaoliwa pamoja na miba yao, maharage, mayai, maparachichi ya kuongeza nguvu kwa anayekosa hamu ya kula. Mgonjwa atoke nje aote jua la asubuhi. Miezi ya mawingu muulize daktari kuhusu vidonge vya vitamini D. Anayelishwa ugali na mchuzi mtupu kwa sababu "hafanyi kazi, amelala tu" anaonewa. Mwili wake uko kwenye ujenzi.

Sigara zisimame zote, kabla na baada. Sigara inachelewesha mfupa kuunga, na kwa upasuaji huu hilo peke yake linatosha daktari kukukatalia.

Maumivu yakoje? Ninunue diklofenaki?

Siku za kwanza ni makali na utapewa dawa nzito. Baadaye yanakuwa ya aina nyingine, ya kuvuta na kuchoma, na wote wanaonipitia wananiambia usiku ndio mbaya. Usingizi unakatika kwa wiki nyingi. Jiandae kwa hilo kama unavyojiandaa kwa pesa.

Diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa kila duka la dawa kama pipi, madaktari wengi huzikataza kipindi hiki kwa sababu zinaweza kuchelewesha mfupa kuunga. Uliza kwanza.

Yale matundu ya nyaya yanasafishwaje?

Fuata maelekezo ya aliyekupasua, maana kila kituo kina utaratibu wake. Msingi ni mmoja: mikono iliyooshwa kwa sabuni, kitambaa safi kwa kila tundu, maji ya chumvi ya hospitali au yaliyochemshwa yakapoa, usirudishe kitambaa cha tundu moja kwenye jingine. Usipake mafuta, asali, majivu wala poda ya kidonge. Maambukizi madogo ya ngozi hutokea kwa karibu kila mtu na hutibika. Wekundu unaosambaa, usaha, homa au uchungu unaozidi kila ukikanyaga, nenda hospitali. Usijinunulie antibayotiki za siku mbili.

Dalili gani nisisubiri kukuche?

Kukosa pumzi ghafla au kifua kuchoma. Shavu la mguu mmoja kuvimba, kuwa la moto na kuuma tofauti na jana. Unyayo kuwa wa baridi na rangi kubadilika. Maumivu yanayopanda kila saa na dawa haigusi, hasa siku za mwanzo.

Na kuna moja ya kimyakimya: kidole gumba cha mguu kushindwa kuinuka. Kila asubuhi mgonjwa anyanyue kidole gumba. Siku kinaposhindwa, au ganzi inapopanda juu ya unyayo, asizungushe spana tena mpaka azungumze na daktari wake. Mshipa wa fahamu ukipumzishwa mapema mara nyingi hurudi.

Baridi ya Mbeya haitaharibu mfupa?

Mfupa haujali. Lakini chuma kinapitisha baridi, na mwezi wa sita na wa saba wagonjwa wenye vyuma vya nje wanateseka kweli. Yule kijana wangu mama yake alimpeleka kwa fundi cherehani Mwanjelwa, akamshonea suruali pana za kitambaa cha blanketi zilizochanwa pembeni hadi kiunoni na kufungwa kwa vishikizo. Kwa juu anavaa kama suruali ya kawaida. Tangu hapo nimewaelekeza wagonjwa wengine watano kwa fundi yuleyule.

Nikifika Dar nipande basi au ndege?

Ndege hadi Songwe, ukiweza. Basi ni zaidi ya kilomita 800, magoti yamekunjwa siku nzima, na damu ikituama miguuni inaganda. Kama ni basi lazima, gawa safari: lala Iringa, nyoosha miguu, endelea kesho. Siti ya mbele yenye nafasi, maji ya kunywa, kuchezesha vifundo vya miguu kila nusu saa. Dawa ya kuzuia damu kuganda uliyopewa usiikatishe kwa sababu ya safari. Bodaboda, kwa mwaka mzima, hapana.

Gharama ikoje, na bima italipa?

Ng'ambo ni makumi ya maelfu ya dola kwenye nchi ghali, pungufu kwenye nchi kama Uturuki. Usitegemee bima kwa upasuaji wa kutafuta urefu tu. Bei wanayokutajia kwenye simu mara nyingi ni ya siku ya kupasuliwa. Uliza na haya: chumba cha miezi mitatu kwako na kwa anayekuuguza, mazoezi ya kila siku, picha, upasuaji wa pili wa kutoa vyuma au nondo, tiketi ya kurudi kwa ajili hiyo, na nani atalipa kitu kikiharibika. Ongeza mwaka bila mshahara. Kama jumla hiyo imekutisha, ni afadhali imekutisha leo.

Naweza kufanya bila ndugu kujua?

Huwezi, na usijaribu. Kuna wiki ambazo hutaweza kujivalisha wala kufika chooni peke yako. Unahitaji mtu mmoja anayejua kila kitu, mwenye nguvu za kukuinua, anayejua kusoma karatasi zako. Siri ilimgharimu yule kijana kuliko pesa: mama angejua tangu mwanzo, wangeuza hata debe za mpunga za Kyela ili amalize miezi yake mitatu kule.

Mwanangu ana mguu mmoja mfupi. Haya yote yanamhusu?

Mazoezi yanamhusu, mengine ni mazungumzo tofauti kabisa. Huo si urembo, ni tiba. Tofauti ndogo hurekebishwa kwa soli iliyoongezwa kwenye kiatu. Kubwa inahitaji daktari wa mifupa: anzia kliniki ya mifupa ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapa Mbeya, na kesi ngumu huelekezwa MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam. Mpeleke mapema, akiwa bado anakua, kwa sababu kuna njia zinazowezekana kwa mtoto tu.

Ni dhambi?

Zungumza na mchungaji wako au shehe wako. Mimi nimewahudumia wote sawa.

Wewe ungenishauri nifanye?

Kwa ajili ya urefu peke yake, ushauri wangu ni usifanye, na nausema nikijua wengine watachukia. China iliupiga marufuku upasuaji huu wa urembo mwaka 2006, wakabakiza ule wa tiba, baada ya watu wengi kuharibika. Nimeona mfupa mzuri kwenye picha na mtu asiyeweza kushuka ngazi.

Lakini simdharau anayetaka. Nimesikia vijana wakisimulia jinsi walivyoitwa "kibeti" tangu shule ya msingi, jinsi mkwe alivyocheka ukweni. Maumivu hayo ni ya kweli. Ninachoomba ni ukae na mtu wa ushauri nasaha, miezi, si siku, kabla ya kuuza kiwanja. Daktari mzuri atakudai hivyo mwenyewe. Anayekupangia tarehe bila kukuuliza kwa nini unataka, mkimbie. Na ukishaamua, chagua mahali kwa ubora wa mazoezi yao baada ya upasuaji, na usirudi nyumbani kabla hawajakuruhusu.

Vyuma vikishatolewa nimepona?

Bado. Matundu ya skrubu yanaudhoofisha mfupa kwa wiki kadhaa, na mfupa mpya huvunjika kirahisi kipindi hicho hicho ambacho mtu anajisikia mwepesi na anataka kucheza. Shika magongo mpaka daktari aseme. Mazoezi yanaendelea.

Yule kijana wa kiberiti yuko wapi sasa?

Amekubali niandike, bila jina. Alikuja kwangu siku tano kwa wiki, miezi minane. Wiki ya tano kiberiti kiliingia kikiwa kimelala ubavu. Mwezi wa nne kisigino cha kushoto kiligusa sakafu. Alikaa hivyo hivyo amesimama, akaniita nije niangalie, akakataa kukaa chini. Cha kulia kilikwama, ikabidi daktari wa mifupa aiongeze urefu kano ya kisigino kwa upasuaji mdogo, kisha hogo la wiki sita. Leo ana duka la vifaa vya simu Mwanjelwa. Ameongezeka sentimita sita kamili. Anatembea bila gongo, akichoka anachechemea kulia, hachuchumai. Kiberiti kile bado kiko kwenye droo yangu. Mama yake akipita hospitali huja kunisalimia, "ndaga fijo, Dokta," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na kila mara huniletea ndizi za Tukuyu.